Kumfundisha Kapenda Usukani

Jumatatu, 29 Machi

Basi la zamu ya asubuhi limerudi na usukani mgumu. Mkanda wa pampu ulikuwa umelegea. Nimeukaza, nimeongeza mafuta, limeondoka. Nimekula tonge la bukari baridi nikiwa nimesimama. Saa nane Mhandisi, mkuu wa karakana, akaniita ofisini.

Hakuniambia nikae. Alisema mafundi wote Wakasai wa karakana, nami nimo, wataondoka mjini warudishwe Kasai kwa treni, amri imetoka juu, yeye hana la kufanya. Lakini usukani wa magari makubwa naujua mimi peke yangu. Kwa hiyo kwanza nimfundishe Kapenda. Kapenda akishaelewa atatia sahihi karatasi ya kukabidhi kazi, mbele yake, na siku hiyohiyo tutaandikwa kwenye orodha ya treni. Mpaka hapo mimi bado ni mtu wa kazini. Akanipa karatasi yenye muhuri nibandike mlangoni: mwenye nyumba hii yuko kazini, asiguswe.

Nimezaliwa hapahapa Kolwezi. Sikumkumbusha. Anajua, mama yake na mama yangu walijifungua wiki moja hospitali moja.

Sikuumia. Nilikuwa naangalia kofia yangu mkononi, nikaona ina grisi, nikafikiri itabidi ifuliwe.

Mke wangu Ntumba nimemwambia jioni. Akaendelea kuchambua majani ya sombe. Ana mimba yetu ya tatu. Mbili za kwanza hazikukaa. Kadi ya hospitali inasema zimebaki wiki tano. Treni mpaka Mwene-Ditu, kule Kasai, kwa ndugu yangu ni siku nne, tuseme wiki. Nikimfundisha Kapenda upesi, mtoto atazaliwa ndani ya nyumba ya ndugu yangu, kitandani. Hesabu inatosha. Nimemweleza Ntumba hesabu hiyo mara mbili.

Kapenda! Miaka kumi na moja anaosha vyuma vyangu kwa petroli. Ananizidi umri, kichwa kina mvi, na bado anauliza kabla ya kushika bisibisi.

Jumanne, 30 Machi

Somo la kwanza. Nilimsimamisha mbele ya lori nikamwaga kila kitu kama nilivyofundishwa na Mbelgiji mmoja mzee: direksyo ya hidroliki, bara ya torsyo, vali ya kugawa, pistoni. Kifaransa chote. Kapenda alitikisa kichwa kwa kila neno. Nikamwambia arudie. Akarudia maneno yote kwa mpangilio, bila kosa, kama katekisimu.

Kisha akauliza: "Shefu, sasa mi nikiacha kuzungusha volan, nani anaambia ile mafuta isimame?"

Nikamtuma maji.

Hiyo ndiyo tabia yangu. Mzee aliyenifundisha alikuwa hivyo pia. Kila ilipofika kukaza ile skrubu ya juu ya sanduku la usukani, alinituma sigara. Nilijifunza kwa kukimbia dukani na kurudi kabla hajamaliza. Nami Kapenda nimemtuma maji miaka kumi na moja. Ndoo nzima ya maji kwa kila skrubu. Fundi asiyeficha kitu anafukuzwa kesho, tulikuwa tunasema. Nimeficha kila kitu na nafukuzwa.

Lakini leo sikumtuma maji kwa kuficha. Nilimtuma kwa sababu sikuwa na jibu. Hapa naweza kuandika. Miaka kumi na tisa nafungua na kufunga masanduku ya usukani, na sijui kwa nini tairi zinasimama pale mkono unaposimama.

Jumatano, 31 Machi

Nyumba tatu za mstari wetu ziko tupu. Milango imeng'olewa, madirisha pia. Jirani wa kushoto ameacha kuku mmoja. Anazunguka uani kwetu.

Ntumba amesema: "Mi siwezi kupanda treni na hii tumbo. Mutoto atakuya mbele ya ile siku ya kadi. Mi najua."

Nikamwonyesha kadi. Nikamweleza jinsi daktari anavyohesabu, kutoka siku gani mpaka siku gani. Nikamweleza treni. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kumpa kuku maji.

Alhamisi, 1 Aprili

Leo sikufundisha. Nilichukua sanduku bovu la basi lililokufa mwaka juzi nikalifungua lote mezani, chuma baada ya chuma. Kapenda alikaa karibu. Sikumtuma popote.

Ndani, katikati ya mhimili wa usukani, kuna chuma chembamba. Unene wa kalamu. Nimekiona mara mia. Ncha ya juu imefungwa na usukani. Ncha ya chini imefungwa na skrubu inayosogeza pistoni. Vali nayo ina vipande viwili, kimoja ndani ya kingine: cha ndani kinafuata ncha ya juu, cha nje kinafuata ncha ya chini.

Nilishika juu kwa mkono mmoja na chini kwa mwingine. Nikapinda. Kile cha ndani kikasogea kidogo, tundu za upande mmoja zikafunguka, za upande wa pili zikazibika. Nikaachia. Zikarudi.

Basi. Ni hivyo tu.

Tairi ni nzito, zinakataa kugeuka. Dereva anageuza juu, chini hakugeuki bado, chuma chembamba kinajipinda katikati. Kujipinda kwake ndiko kunakofungua njia ya mafuta. Mafuta yanasukuma pistoni, pistoni inageuza tairi. Tairi zikigeuka, ncha ya chini inaifuata ncha ya juu. Zikifika sawa, chuma kinanyooka na njia inajifunga yenyewe. Hakuna anayeyaambia mafuta yasimame. Tairi zenyewe, kwa kufika, zinafunga mlango.

Nilicheka peke yangu. Kapenda akacheka pia, bila kujua ninacheka nini. Nilifurahi. Ni aibu kufurahi wiki hii, lakini nilifurahi.

Ijumaa, 2 Aprili

Nilikata ukanda wa mpira wa tairi la ndani, nikafunga vijiti viwili, kimoja kila ncha. Nikamwambia Kapenda ashike cha chini, akaze. Mimi nikageuza cha juu. Mpira ukajisokota kabla mkono wake haujasogea.

"Unaona? Wewe ndiye tairi. Unakataa. Hapo mpira unajisokota, na kujisokota ndiko kunakofungua mafuta. Sasa legea, nifuate."

Akalegea, akageuza cha chini mpaka kikalingana na changu. Mpira ukanyooka. Akauangalia mpira muda mrefu. Niliona macho yake yalivyobadilika. Mtu akielewa kitu uso unatulia, huwezi kudanganya hapo.

Nikaendelea bila neno moja la Kifaransa. Injini inazungusha pampu muda wote, gari likienda moja kwa moja mafuta yanapita tu na kurudi kwenye kopo lake. Injini ikizimika, pampu inakufa, lakini usukani haukatiki na tairi: unakuwa mzito, unaendesha kwa mabega. Usiushikilie mwisho kabisa, kushoto wala kulia, pampu itapiga kelele na mafuta yataungua. Nilieleza vizuri. Sijawahi kueleza kitu vizuri namna ile.

Saa kumi tulikwenda kwa Mhandisi. Akamwuliza Kapenda kama ameelewa.

"Tata Mhandisi, mi sielewe bado. Niko na kichwa nguvu."

Jumamosi, 3 Aprili

Wamekuja vijana wa mtaa, kama kumi na watano, na fimbo. Mmoja alisoma karatasi ya mlangoni kwa sauti, polepole, mpaka muhuri. Wakasimama. Wakamwangalia Ntumba, tumbo lake. Mwenye kusoma akasema, "Siku ile karatasi itatoka, tutarudia." Wakaenda nyumba ya pili.

Sikuogopa. Niliona kwamba komeo la mlango limelegea, nikalikaza.

Wanasema treni ya Kasai itafika katikati ya wiki ijayo. Ya baadaye haijulikani. Lazima tuwe kwenye orodha ya hii.

Jumapili, 4 Aprili

Misa. Viti vitupu. Padri hakusema kitu juu ya viti.

Jumatatu, 5 Aprili

Nilianza upya tangu mwanzo, na vijiti na mpira. Kapenda aliuliza maswali ya mjinga. Pampu iko wapi? Mafuta yanaingia upande gani? Mtu aliyeosha pampu hiyo miaka kumi na moja. Nikamfokea mbele ya mafundi wengine. Akainamisha kichwa, akasema, "Unisamehe, shefu."

Mhandisi akauliza tena. Kapenda akajibu vilevile. Hajaelewa.

Nimejua sasa. Ananilipizia kisasi. Kila ndoo ya maji niliyomtuma ananirudishia. Yeye ana muda, nyumba yake haina karatasi mlangoni kwa sababu haihitaji. Kwao ni upande wa Dilolo, yeye ni mwenyeji, hakuna atakayemgusa. Anataka treni iondoke niko hapa, halafu karatasi ing'olewe. Namchukia. Ni chuki ndogo, kavu, lakini ndicho kitu pekee ninachokisikia, nami nakishika.

Jumanne, 6 Aprili

Nimemfundisha kutoa hewa. Sehemu ambayo sikumwonyesha mtu yeyote, hata Mhandisi. Inua tairi za mbele zisiguse chini. Jaza mafuta. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine, polepole. Ongeza mafuta. Washa. Zungusha tena mpaka povu liishe kwenye kopo. Mtu akiwa na haraka hapa, gari litanguruma njia nzima mpaka Nzilo.

Alifanya mwenyewe. Mikono haikukosea hata mara moja. Kisha kwa Mhandisi: "Bado kidogo, Tata."

Mhandisi akaniangalia. Alisema labda mimi ndiye nisiyejua kueleza.

Hilo ndilo lililoniuma. Katika yote ya wiki hizi mbili, ni hilo. Kwamba sikueleza vizuri.

Jioni Ntumba aliniuliza kama Tata Kapenda ameshika somo. Yeye humwita Tata Kapenda siku zote, kwa heshima, kama baba. Nikasema ni mjinga au mwovu, moja kati ya hayo. Akasema, "Acha muntu akamate wakati yake." Nikamwambia wakati hatuna. Nikamweleza tena treni.

Jumatano, 7 Aprili

Nimemkamata.

Asubuhi nilikwenda kwa Mhandisi peke yangu. Nikasema, mpime mwenyewe, mimi nisiwepo. Tulipanga. Basi la zamu ya mchana likiwa limejaa wachimbaji, nililegeza kibano cha bomba linaloleta mafuta kutoka kwenye kopo kwenda kwenye pampu. Mizunguko miwili tu ya bisibisi. Pampu ikaanza kufyonza hewa. Kabla halijafika getini usukani ulikuwa unanguruma na kukatakata. Dereva akarudi, anapiga honi. Kapenda akaambiwa mimi nimekwenda nyumbani na homa.

Mimi na Mhandisi tulikuwa nyuma ya mlango wa stoo.

Kapenda alisimama. Aliangalia kulia na kushoto. Watu arobaini ndani ya basi wakapiga kelele, zamu inapita, watakatwa siku. Akaangalia getini tena. Niliona anajizuia. Nilifikiri ni woga.

Kisha akafungua kopo. Akachovya kidole. Akamwita dereva akamwonyesha povu.

"Unaona hii povu? Hewa njo inaingia. Pampu inasukumaka mafuta, haiwezi kusukuma hewa. Hewa inajikunja tu, haisukume. Njo maana volan inakatakata." Akafuata bomba kwa vidole, akakuta kibano, akakikaza. Akajaza. Akainua mbele kwa jeki mbili. Akazungusha, mwisho mpaka mwisho, injini imezimwa, polepole, akihesabu kwa mdomo. Watu wakimtukana, hakuharakisha. Akawasha. Akasubiri povu liishe.

Dereva akamwuliza tena, hewa na mafuta vina tofauti gani. Kapenda akamweleza tena, kwa maneno mengine, mafupi zaidi. Mazuri kuliko yangu.

Nikatoka nyuma ya mlango kama mtu aliyeshinda mpira. Nikapiga makofi. Mhandisi akacheka. Kapenda akageuka, akatuona, akachukua kitambaa akaanza kufuta mikono. Alifuta muda mrefu sana, kila kidole. Hakuniangalia.

Nimelala vizuri mchana. Nimeshinda.

Alhamisi, 8 Aprili

Ametia sahihi. Mkono wake ulikuwa mzito juu ya karatasi. Mhandisi akagonga muhuri, akanipa barua ya treni, ambayo bado haijafika. Akasema karatasi ya mlangoni niirudishe kesho asubuhi pamoja na funguo.

Nilifika nyumbani na barua mkononi. Namba zetu za behewa, mbili. Ntumba alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma. Nikamwonyesha. Nikamsimulia habari ya kibano na basi, na Kapenda alivyofuta mikono.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu: "Mi njo nilimwambia."

Sikuelewa. Akasema alikwenda kwa Kapenda siku ileile niliyomwonyesha kadi, mke wake akiwepo, akawaomba. Kapenda asielewe mpaka mtoto azaliwe. Wiki mbili, labda tatu. Karatasi ingekaa mlangoni, angezalia ndani, mke wa Kapenda ni mkunga. Walikubaliana wote watatu. Kapenda aliapa.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mimi.

"Nilikuambia," akasema. "Ukanielezea."

Ijumaa, 9 Aprili

Tumebeba: godoro, sufuria mbili, mbabula ya makaa, sanduku la nguo, redio. Vijana walikuwa wamekaa ng'ambo ya barabara tangu alfajiri. Walitusubiri tutoke. Hawakutupiga. Walikuwa na haraka ya kuingia.

Ntumba alitembea mbele. Hakunisemesha.

Jumapili, 11 Aprili

Stesheni. Pasaka. Watu wamejaa kutoka jengo la tiketi mpaka bohari ya mizigo na zaidi, kando ya reli. Tuna nafasi ya godoro na nusu chini ya turubai tunalogawana na familia ya fundi umeme. Mvua usiku. Masista wa misheni wanagawa uji mara moja kwa siku. Watoto wana surua. Nahesabu vikohozi, sijui kwa nini.

Treni ya katikati ya wiki haikuja. Mkuu wa stesheni anasema injini haipo. Anasema hivyo kila siku saa nne, kutoka dirishani, halafu anafunga dirisha.

Ningekuwa na hasira. Naitafuta, haipo. Ipo ile picha tu: mimi natoka nyuma ya mlango wa stoo napiga makofi.

Jumanne, 13 Aprili

Hakuna treni.

Alhamisi, 15 Aprili

Kapenda amekuja. Amebeba gunia la makaa kichwani, amepita katikati ya watu wote wale akiuliza jina langu. Alimsalimu Ntumba kwanza. Mke wake hawezi kuja, walinzi wa lango la stesheni hawaruhusu mwanamke wa wenyeji kukaa huku kwetu Wakasai, wanasema atapigwa. Yeye mwenyewe alitoa sigara zake zote ndipo akapita.

Alisema nyumba yetu wamempa yeye. Inakwenda pamoja na kazi. Hakukataa. Alilisema akiniangalia machoni, na nadhani alikuwa amejitayarisha njia nzima. Nikamwambia ni vizuri, paa linavuja juu ya jiko, asogeze bati la pili. Sikuwa na uchungu. Angekataa, angepewa mwingine.

Nilitaka kumwomba radhi. Nikaanza kueleza kwamba sikujua, kwamba hesabu ya kadi, kwamba treni. Akaweka mkono begani kwangu. "Shefu, acha," akasema.

Ntumba akamsindikiza mpaka mwisho wa turubai. Walizungumza kidogo. Sikusikia, nami sikuuliza. Tata Kapenda. Sijui ni kitu gani kilichokuwa kinanizuia kumwita hivyo miaka yote.

Jumatatu, 19 Aprili

Jumamosi alfajiri. Wiki mbili na zaidi kabla ya kadi.

Wanawake walishika vitenge pande nne. Mke wa fundi umeme alikuwa ndani pamoja naye na mama mmoja mzee ambaye hatumjui jina. Mimi nilipewa kazi ya kuchemsha maji kwa yale makaa. Kuni zote za hapa zimeloa, bila gunia lile pasingekuwa na maji ya moto. Nilipuliza mbabula. Mvua ilikuwa imeanza tena, turubai lilijaa katikati, nikawa nalisukuma kwa ufagio maji yamwagike upande wa nje. Kupuliza, kusukuma, kupuliza. Ntumba hakupiga kelele hata mara moja. Hilo liliniogopesha kuliko kelele.

Msichana. Mdogo. Hakulia, halafu akalia.

Yule mama mzee aliniambia mtoto akae kwenye ngozi ya mama yake, ndani ya nguo, asitoke. Nimekaa siku mbili naangalia kifua chake kinavyopanda. Mtoto wa familia ya tatu kutoka kwetu amezikwa jana kando ya reli. Baba yake ni mtu wa ofisi ya mishahara. Tulichimba wanne.

Kama karatasi ingekuwa mlangoni bado. Ndani, kitandani, mke wa Kapenda. Labda vijana wangevunja mlango hata hivyo. Labda. Nimejaribu kuikamata labda hiyo niilalie, haikai.

Alhamisi, 22 Aprili

Ananyonya. Kidogo.

Ntumba anazungumza na mama mzee, na mke wa fundi umeme, na mtoto. Akinihitaji kufanya kitu ananyoosha mkono. Sufuria. Maji. Kitambaa. Ninaleta.

Jumamosi, 24 Aprili

Injini imekuja jana jioni, kutoka Tenke. Leo wamepakia. Si mabehewa ya abiria, ni yale ya kubebea shaba, hayana paa. Namba zilizo kwenye barua yangu hazipo kabisa. Mtu wa stesheni alizicheka. Tulipanda tulipopata. Nilisukuma watu. Nilimsukuma mzee mmoja akaanguka kwenye kokoto, nikampita. Naandika ili iwe imeandikwa.

Ntumba yuko kwenye kona, mgongo kwenye chuma. Nimesimamisha godoro kuzuia upepo. Redio nimempa yule mama mzee, yeye amebaki, hayumo kwenye orodha yoyote.

Tulipopita nyuma ya mji, lile vumbi la kijivu la Kingamyambo, kunakomwagwa mabaki ya mgodi, lilikuwa limetulia kwa sababu ya mvua. Watu walisimama kuangalia. Mimi nilikuwa nimeshika godoro.

Jumapili, 25 Aprili

Tumesimama porini, baada ya Tenke. Tangu saa tano. Jua limetoka. Watu wameshuka kutafuta maji, wengine wanapika kando ya reli. Hakuna anayekuja kusema kitu.

Mtoto ana siku nane. Hana jina bado. Amelala.

Ntumba ameuliza: "Juu ya nini hii treni inasimama?"

Ameniuliza mimi. Hakuna mtu mwingine kwenye kona yetu. Ni neno la kwanza tangu ngazi ya nyuma ya nyumba.

Nilikuwa nayo majibu. Breki za treni zinashikwa na hewa, behewa moja likivuja yote yanasimama. Injini ile ni kuukuu, nilisikia inavyopumua kwenye mlima, huenda imechemka. Au reli ni moja, tunapisha treni inayotoka Bukama. Naweza kuchora mchangani, kwa kijiti, kila kimoja. Nilifungua mdomo.

Nikasema sijui.

Akaniangalia kidogo. Kisha akafungua kitenge, akamtoa mtoto, akanipa. Ana joto. Akajilaza upande, kichwa juu ya sanduku la nguo, akafunga macho. Nimemshika mtoto kwa mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia. Bado tumesimama.